Somo: Chui, mbuzi na majani kwa darasa la tatu

Walimu wenzangu, fumbo hili wengi mnalijua. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, anataka kuvuka mto. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi kaliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani kwisha.

Hatua ya 1. Kila kikundi cha watoto wanne kipe vizibo vitatu vya soda vilivyoandikwa C, M na J, na ganda la kiberiti liwe mtumbwi. Mto chora kwa chaki juu ya dawati.

Hatua ya 2. Simulia, kisha mtoto mmoja arudie masharti kwa maneno yake.

Hatua ya 3. Nyamaza. Kwa mwalimu hii ndiyo ngumu kuliko zote. Kumvusha mbuzi kwanza wanakuona upesi. Wakishampeleka chui ng'ambo wanakwama, kwa sababu mbuzi yuko palepale. Dawa ni kurudi naye, lakini mtoto huona kurudisha kitu ni kushindwa, na somo lote liko hapo. Usiseme "mrudisheni". Uliza tu: "Nani kasema kilichovuka hakirudi?"

Hatua ya 4. Waliopata waandike safari zote kwa mfuatano. Ni 7. Waulize pia: baada ya mbuzi, angetanguliza majani badala ya chui, ingewezekana? (Ndiyo.)

Hatua ya 5. Sasa mtumbwi ubebe viwili. Wataanza na mbuzi kwa mazoea! Waache, nayo inawezekana. Mbuzi akitangulia peke yake, au chui na majani wakitangulia, safari ni 3 tu.

MASWALI

Mwalimu, nina watoto 80, vizibo sina.
Waigize. Wanne mbele, mto mstari sakafuni, wengine wapige kelele mbuzi akiliwa. Badilisha waigizaji kila wakikosea.

Mmoja wangu alishafundishwa jibu na kaka yake. Nifanyeje?
Mpe kazi ya kulinda masharti: akiona kosa aseme "simama" na aeleze kosa ni lipi. Jibu asitoe.

Mtoto kasema, "Si amfunge chui kamba?" Nikamwambia akae chini.
Hapo mwalimu mwenzangu uliteleza. Fumbo halikukataza kamba! Msifu, kisha ongeza sharti: kamba hakuna.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi, nyumbani tuko wawili tu na mwanangu.
Marahaba. Wawili wanatosha. Wewe uwe mto.