Mtego wa nzi wa maembe: madume yakijaa chupani usilale

Wenye miembe huku Malindi, iwe Ganda, Gede ama Mambrui, mwaijua hii, embe ngowe limenona nje lang'ara ukilipasua ndani funza tupu. Huyo ni nzi katoka Asia, jina lake la kitaalamu Bactrocera dorsalis, Kenya alionekana 2003 na ni huku huku Pwani. Kumpigia dawa embe lishatobolewa ni hasara tu manake funza yuko ndani, dawa haimfikii.

Dawa yake ni harufu. Agroveti ulizia methili yujinoli. Dume akiisikia hiyo atakuja mbio kama kijana aliyenusa pilau ya harusi, kwa sababu akiila mwili wake unaigeuza kuwa harufu ya kuvutia majike, hivo haachi hata umfanye nini.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa matundu manne karibu na shingo kwa msumari wa moto, upana wa kidole cha mwisho hivi. Pamba ifunge kwa waya ining'inie ndani katikati, idondoshee ile dawa (vaa glavu, na usimwage majani wala nje ya chupa, la sivyo nzi watatua huko huko nje), kisha chini tia maji na sabuni ya unga kidogo wazame. Itundike kivulini tawi la chini, urefu wa mtu, majani yasiiguse. Waya wa kutundikia upake grisi! Usipopaka, maji moto (wale sisimizi wekundu wa juu ya miti) watateremka wabebe maiti zote za nzi, wewe waja kuangalia chupa tupu wasema ah shamba langu safi. Ila maji moto wenyewe usiwaue bana, wale juu ya mti wanamfukuza nzi vizuri sana.

Anza maembe yakiwa bado madogo kama ndimu, usingoje yaive. Harufu yakaa wiki 6 mpaka 8, badilisha.

Sasa hapa ndipo wengi wanapofeli. Chupa ikijaa, hao wote ni madume, na anayetoboa embe ni jike, na jike haijali hiyo harufu. Akiwa ashapandwa, ama dume mmoja kaponyoka, mayai yataingia tu. Kwa hivo jike mtafutie chambo cha protini kilichochanganywa na dawa ya kuua wadudu, unapuliza kila wiki kipande kidogo tu cha majani kila mti, si mti mzima wala matunda. Na maembe yaliyoanguka okota kila siku, hii watu wanaidharau na ndiyo kubwa, manake funza hutoka akaingia mchangani akageuka nzi. Zika futi mbili chini ama funga kwenye mfuko mweusi wa plastiki uanike juani mpaka wafe.

Na jirani naye atege, nzi hajui mpaka wa shamba. Mkinunua chupa moja ya dawa mkagawana gharama inashuka.