Pombe ya kila siku na homoni ya ukuaji: cha kufanya

Homoni ya ukuaji haistaafu mtu akishafikia urefu wake; kwa mtu mzima hulinda misuli na mifupa. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, huimwaga kwa vipindi, na kipindi kikubwa huja kwenye usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Pombe hugonga hapo hapo.

Piga hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe, na mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Ukimaliza chupa mbili saa mbili usiku, saa tano unapolala pombe bado imo kwenye damu. Kahawa haiharakishi lolote.

Homoni ya ukuaji huliagiza ini litengeneze IGF-1, homoni nyingine inayofanya sehemu kubwa ya kazi yake. Ini likisinyaa kwa pombe, IGF-1 hushuka hata homoni ya ukuaji yenyewe ikiwa nyingi. Ndiyo maana kupima homoni ya ukuaji mara moja ni kutupa hela: inapanda na kushuka mchana kutwa. Omba IGF-1 pamoja na vipimo vya ini, na mweleze daktari unavyokula, maana njaa nayo hushusha IGF-1.

Anayekunywa sana kila siku asikate ghafla akiwa peke yake. Kutetemeka mikono na jasho huanza ndani ya siku moja, na degedege linaweza kufuata. Aende hospitali aachishwe kwa dawa na apewe vitamini B1.