Unaishi kwenye ngome ya chama? Mpime mheshimiwa hivi kabla ya Agosti 2027

Huku kwetu Kilifi, ukitaja kura utajibiwa "wote ni wale wale". Akina mama wa chama chetu cha kuweka na kukopa wanasema hivyo, vijana wa bodaboda nao vivyo hivyo, na siku ya kura wengi hubaki nyumbani. Mombasa mwaka 2022 ilikuwa na wapigakura zaidi ya 640,000 kwenye sajili, na waliofika vituoni hawakutimia nusu. Uchungu huo naujua. Lakini naona sisi wa ngomeni huja kuchagua siku ambayo mambo yameshaamuliwa, na hilo tunaweza kulirekebisha.

Kwanza, tenganisha kura ya rais na zile tano nyingine. Baba mkwe wangu alimpigia Raila Odinga kila aliposimama kuwania urais, nami siwezi kumbeza. Mapenzi yale yana historia yake. Raila alitutoka Oktoba 2025, na wanaozitaka kura zake ni wengi. Hata hivyo, kumpenda mtu wa juu hakukulazimishi kupiga suti, yaani chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wadi. Jirani zetu wa Kwale walimpa Raila kura nyingi mwaka 2022, lakini gavana wakamchagua Fatuma Achani wa UDA, chama cha mpinzani wake William Ruto. Taita Taveta, alikoolewa dada yangu, walimpa Raila vilevile, na ugavana wakampa Andrew Mwadime, mgombea huru asiye na chama.

Pili, jua nani ana kazi gani, la sivyo utamgombeza asiyehusika. Zahanati, maji, chekechea na barabara za mashinani ni za kaunti: hapo muulize gavana, na muulize mwakilishi wadi kwa nini hakumbana gavana. Darasa la shule ya msingi na basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, muulize mbunge. Nina daftari ambalo nusu ni la kaunti na nusu ni la mbunge. Kila ahadi iliyotolewa mbele yangu naiandika pamoja na tarehe na mahali. Zahanati ya kijijini kwetu ilipakwa rangi, ikafungwa kufuli, na imekaa hivyo. Kwenye daftari imeandikwa nani aliahidi dawa, na siku gani.

Kisha fuata pesa. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katikati hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nenda na swali moja tu, lenye jina la mradi: "Zahanati hii imetengewa shilingi ngapi mwaka huu?" Wakikuzungusha, andika barua ya kuomba habari. Sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na ikinyamaza unaweza kulalamika kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Mbunge naye ana rekodi. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha na 106 wakaukataa, wakati vijana walikuwa barabarani wakiupinga. Tafuta jina la mbunge wako kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge, usingoje akuhadithie mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye lililo zito zaidi: mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea wake. Katika ngome, mwenye tiketi ya chama kinachopendwa huwa ameshafika nusu ya safari. Huku Pwani tiketi hiyo imekuwa ya ODM, chama cha Raila, na Mlima Kenya mwaka 2022 ilikuwa ya UDA. Jirani yangu muuza mitumba, mtu wa Nyeri, tangu Gachagua aondolewe unaibu rais Oktoba 2024 anasema hapigi kura tena. Namwambia yale yale: rudi nyuma hadi mwezi wa mchujo. Mwaka 2022 michujo ilifanyika Aprili, miezi minne kabla ya uchaguzi, na waliojitokeza ni wachache mno ukilinganisha na Agosti. Hao wachache ndio waliotuchagulia.

Ingia eCitizen, kwenye huduma za Msajili wa Vyama, uone umeandikishwa chama gani. Mwaka 2021 Wakenya wengi walikuta majina yao kwenye vyama wasivyovijua. Kama si chako, jitoe; kama unataka sauti katika mchujo, jiandikishe mapema, kwa sababu chama kinaweza kutumia sajili ya wanachama wake. Halafu uliza afisa wa chama swali ambalo hawalipendi: kutakuwa na kura, au tiketi itatolewa moja kwa moja? Muulize mbele ya watu, barazani. Tiketi ikitolewa mezani kwa mtu ambaye daftari lako linamkataa, una ruhusa kamili ya kumtafuta mgombea huru Agosti.

Siku yenyewe ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukishapiga kura, rudi jioni kituoni. Matokeo ya rais hubandikwa mlangoni kwenye fomu 34A. Ipige picha, na tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi, ikiziweka fomu kama mwaka 2022, linganisha tarakimu moja moja.