Somo: Kusoma mitetemo ya nanotyubu za boroni naitraidi (na masizi yalivyonidanganya)

Wadau, somo nililoahidi hili hapa. Umeme wa huku kwetu Mwanga umerudi, niandike haraka kabla haujabadili nia.

Nanotyubu hizi ni mirija myembamba ajabu, kuta zake ni atomu za boroni na naitrojeni zilizopangwa kama sega la nyuki. Zilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1995. Atomu hizo hazitulii, zinatetemeka muda wote. Ukizimulika kwa leza, mwanga unaotawanyika karibu wote unatoka na rangi ileile. Fotoni (chembe ya mwanga) moja hivi katika milioni kumi ndiyo inayotoka imepungukiwa nishati, kwa kuwa imeiachia mitetemo. C. V. Raman alilionyesha hilo India mwaka 1928. Sisi tunapima upungufu huo tu, kwa kipimo cha sm⁻¹, na mashine ya Raman inauchora kama grafu: kila mtetemo unaoonekana ni kilele.

Hatua ya 1. Weka sampuli juu ya foili ya alumini. Slaidi ya kioo iache, ina mng'ao wake.

Hatua ya 2. Pima kwanza kipande cha silikoni. Kilele chake kikae 520.5 sm⁻¹. Kikikaa pengine, rekebisha mashine, usiendelee.

Hatua ya 3. Tumia leza ya kijani, yenye urefu wa wimbi nanomita 532, nguvu ndogo. Hapa panahitaji subira. Boroni naitraidi ina pengo la nishati (nishati ambayo elektroni zake zinahitaji ili ziruke juu) karibu eV 6, yaani elektronivolti 6, leza ya kijani haifiki huko, kwa hiyo ishara ni hafifu. Uchafu nao unang'aa. Wavuvi wetu wa dagaa wanajua shida hii: mbalamwezi ikitanda ziwani, taa zao hazivuti kitu. Mulika sehemu ileile dakika kadhaa, mara nyingi mng'ao wa uchafu hufifia, halafu ndipo ukusanye data kwa muda mrefu.

Hatua ya 4. Tafuta kilele karibu 1366 sm⁻¹. Ni mtetemo ambao boroni zinakwenda huku na naitrojeni kule, zikipishana bila kutoka kwenye ukuta wa mrija.

Hatua ya 5. Usikiamini. Mimi niliwahi kupata mlima mnene karibu na 1350, nikampigia mwenzangu simu usiku kwa furaha. Kumbe nilizidisha nguvu ya leza, mabaki ya gundi yakaungua yakawa masizi. Kaboni ina kilele chake palepale jirani, ila huja na mwenzake karibu 1590. Mimi huyo wa pili sikumtazama kabisa. Ukiwa na shaka, badili leza: kilele cha kaboni cha 1350 kitahama, cha boroni naitraidi kitabaki pale pale.

MASWALI

Mdau wa Tabora: Shikamoo mwalimu. Nanotyubu za kaboni zina mtetemo wa "kupumua", mrija mzima ukitanuka na kusinyaa, unaotaja kipenyo. Hizi je?

Jibu: Marahaba. Zinao, ila kuuona ni kazi. Wa kaboni huonekana kwa sababu rangi ya leza hulingana na nishati za elektroni zake, ishara ikakuzwa. Hapa mwanga wa kawaida haulingani na kitu. Tena nyingi zina kuta kadhaa zinazobanana.

Mdau wa Ujiji: Kwa hiyo nikiona 1366 nina mirija?

Jibu: Hapana kaka. Una boroni naitraidi. Hata unga wake wa kawaida, ule wa vipande bapa, unatoa kilele hapohapo. Umbo la mrija utalionea kwenye hadubini ya elektroni.

Mdau wa Kasulu: Mashine hatuna. Tufanye nini?

Jibu: Chukua kikokotoo. Gawanya 10,000,000 (nanomita zilizomo katika sentimita moja) kwa 532, upate 18,797, ndiyo leza yetu kwa sm⁻¹. Toa 1,366, inabaki 17,431. Gawanya tena 10,000,000 kwa hiyo: 573.7. Ndiyo nanomita utakakokuta kilele, rangi ya manjano. Sasa fanya ya leza nyekundu ya 633.

Mdau wa Kasulu: 692.9?

Jibu: Hapo hapo.