Kukuza Utoaji wa Ukarimu Kanisani: Hesabu Zitangulie, Mahubiri Yafuate

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, mfalme Yoashi aliagiza kwamba fedha zinazoletwa nyumbani mwa Bwana zitumike kutengeneza mabomoko yake, lakini hata kufikia mwaka wa 23 wa utawala wake makuhani walikuwa hawajayatengeneza. Mfalme hakuwageukia waabudu na kuwaita wachoyo. Aliubadilisha utaratibu: kuhani Yehoyada akatoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na madhabahu, na fedha zilipokuwa nyingi karani wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, zikakabidhiwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi.

Ninalitaja sanduku hilo kwa sababu wazee wengi wa kanisa, sadaka inaposhuka, huanza kwa kumwomba mchungaji ahubiri kuhusu kutoa. Ushauri wangu ni kinyume chake. Waumini hutoa kwa moyo pale wanapoijua njia ya fedha yao, tangu inapotoka mkononi mwao hadi inapokuwa bati, dawa au ada ya mtoto yatima, na njia hiyo hujengwa mezani kwa wahesabu kabla haijatajwa mimbarini.

Basi anzeni na meza hiyo. Baada ya ibada, vyombo vya sadaka vifunguliwe mbele ya wahesabu wasiopungua watatu, wasio wa familia moja, wanaopokezana zamu ili asiwepo mtu anayehesabu kila Jumapili. Noti zipangwe kwa thamani, sarafu zitengwe kwa mafungu, na kila aina ya sadaka iandikwe katika safu yake: sadaka ya kawaida, shukrani, fungu la kumi, ahadi, jengo. Kwa upande wa bahasha, mmoja afungue na kusoma kiasi kwa sauti, mwingine aandike, na kiasi kilichoandikwa juu kilinganishwe na kilichomo ndani kabla bahasha nyingine haijaguswa. Wote watie sahihi kwa wino, na kosa likitokea likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi pembeni, lisifutwe. Fedha ziende benki zikiwa kamili, pasipo kuchomolewa nauli ya mgeni wala posho ya mtu yeyote, kwa kuwa matumizi yote yanapaswa kutoka kwa hati ya malipo iliyoidhinishwa. Najua jambo hili la mwisho ndilo gumu, hasa katika usharika mdogo ambako mwinjilisti anasubiri nauli ya kurudi mtaani jioni hiyo hiyo. Hata hivyo, utaratibu wa kulipa moja kwa moja kutoka kapuni humweka mhazini mwaminifu katika hatari ya kusingiziwa, naye hatakuwa na karatasi ya kumtetea. Tengeni kiasi kidogo cha fedha taslimu kwa dharura kama hizo, kiwe na daftari lake.

Baada ya hapo semeni na watu. Tangazo la kwamba sadaka ya Jumapili iliyopita ilikuwa kiasi fulani halimwambii muumini jambo kubwa. Mwambieni pia kazi iliyofanyika, kwa mfano kwamba sadaka ya jengo ya mwezi huu imenunua mifuko ya saruji ambayo fundi ameipokea na ambayo mtu yeyote anaweza kwenda kuiona stoo. Kila robo mwaka, ukurasa mmoja wa mapato na matumizi ubandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa maandishi ambayo bibi mwenye miwani anaweza kuyasoma, na mzee wa zamu asimame karibu nao kujibu maswali. Anayeuliza asichukuliwe kuwa mpinzani. Mtume Paulo mwenyewe, alipokuwa akisimamia changizo la watakatifu wa Yerusalemu, alituma ndugu wengine pamoja na Tito ili mtu asije akawalaumu katika karama ile, akieleza kwamba wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia.

Utoaji kwa simu unahitaji uangalifu uleule. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo waumini wengi, wakiwemo walio mbali na kanisa la nyumbani, hutoa sadaka kwa njia hiyo. Namba ya kupokelea isajiliwe kwa jina la kanisa, kamwe isiwe ya mchungaji wala ya mhazini, na taarifa yake ya kila mwezi ilinganishwe na daftari mbele ya kamati ya fedha.

Mafundisho yakifuata sasa, yatakuta udongo uliolimwa. Fundisheni kutoka 2 Wakorintho sura ya 8 na ya 9, ambako makanisa ya Makedonia yalitoa katika umaskini wao mkubwa, tena kwa hiari yao wenyewe, na ambako kila mtu anaambiwa atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Maneno ya Malaki kuhusu zaka yana nafasi yake, ila yanaposomwa kila Jumapili kwa sauti ya vitisho, au yanapoambatanishwa na ahadi ya gari na nyumba, huzaa watoaji wenye hofu au wenye tamaa, na wote wawili huacha kutoa siku matarajio yao yanapokatika.

Zingatieni pia majira ya kipato. Mfanyakazi hupokea mshahara mwisho wa mwezi, mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huona fedha minada inapoanza Oktoba, na mama wa genge hupata kidogo kila siku, kwa hiyo kadi ya ahadi yenye miezi 12 iliyo sawa humfaa wa kwanza tu. Mwacheni kila mtu apange ahadi yake kwa majira yake. Pokeeni mazao pia, kwa maana mnada wa baada ya ibada ni shule nzuri ya ukarimu: mjane huleta trei ya mayai au mkungu wa ndizi, mnunuzi hulipa zaidi ya bei ya sokoni, na mara nyingi huurudisha mkungu uleule unadiwe tena. Asiye na shilingi anakuwa mtoaji kamili mbele ya wenzake.

Jambo moja liepukwe kabisa, nalo ni kuyafanya maziko, ubatizo au ndoa kuwa mahali pa kudai madeni ya ahadi. Familia iliyokaguliwa kadi ya ahadi ya marehemu mbele ya jeneza haisahau, na watoto wake hukua wakilijua kanisa kama mdai. Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi orodha za majina na viwango ubaoni. Toeni jumla, na kila mtu apewe taarifa yake binafsi.

Kuhusu mchango mkubwa kutoka kwa wanasiasa, baraza liwe na uamuzi wa maandishi kabla mgeni hajafika. Mwezi Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango iliyotolewa na Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, na naona huo ulikuwa uongozi mzuri, kwani harambee inayomtegemea mheshimiwa huwafundisha waumini kwamba sarafu zao hazina kazi.

Asasi za Kikristo, ziwe za kulea yatima au za kuendesha zahanati, zifuate mwenendo huohuo, na zaidi zimwandikie kila mchangaji shukrani ndani ya siku chache, pamoja na stakabadhi, bila kuweka ombi jipya katika barua ileile. Shukrani na ombi visipotenganishwa, mchangaji huziogopa barua zenu.

Mwisho, kila changizo liwe na kiwango na tarehe ya kufungwa, na baraza liamue mapema ziada itakwenda wapi. Katika Kutoka sura ya 36, mafundi wa hema walimwambia Musa kwamba watu wameleta kupita mahitaji, naye akapiga mbiu kambini wasilete tena. Kiwango chenu kikitimia, tangazeni Jumapili ileile kwamba changizo limefungwa, na bahasha zilizobaki zikusanywe.