Somo: Jinsi ya kupanga na kudai malipo ya haki unapoandikia michezo ya kuigiza ya mezani

Somo hili ni la mwandishi wa kujitegemea anayeandikia wachapishaji wa michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo wachezaji hukaa mezani, huigiza wahusika na kurusha dadu. Kazi yake ni visa vya kuchezwa, viumbe, miji, kanuni za ziada. Soko kubwa liko Marekani na Uingereza, na huko kazi hulipwa kwa neno. Ofa za senti 3 hadi 5 za dola bado ni nyingi. Kabla ya kusema ndiyo, fanya hesabu.

Hatua ya 1: Geuza maneno kuwa saa

Chukua kisa cha maneno 5,000 chenye viumbe 3 wapya. Kupanga mtiririko ni saa 4. Maelezo ni maneno 4,550, na kwa mwendo wa maneno 350 kwa saa hiyo ni saa 13. Majedwali ya viumbe, yaani namba za nguvu, uhai na mapigo ya kila kiumbe, saa 4 na nusu. Mchoro wa mkono wa kumwelekeza mchora ramani, saa 2. Jaribio moja mezani na wachezaji, saa 4. Marekebisho baada ya mhariri kusoma, saa 5 na nusu. Jumla ni saa 33.

Kwa senti 5 unapata dola 250, yaani dola 7.58 kwa saa. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 tangu 2009, na anayelipwa hicho hajinunulii kompyuta wala bando la kazini. Wewe unajinunulia, na ada ya kupokea hela kutoka nje ni juu yako pia. Halafu senti 5 ya mwaka 2000 ilinunua vitu ambavyo mwaka 2024 vilihitaji karibu senti 9. Kwa hiyo mchapishaji anayesema “bei yetu haijabadilika” ameishusha kila mwaka.

Sasa igeuze hesabu. Ukitaka dola 15 kwa saa, saa 33 ni dola 495. Gawa kwa maneno 5,000 na utapata senti 9.9. Hicho ndicho kiwango chako cha kazi hiyo. Kazi isiyo na viumbe wala jaribio itakuwa na kiwango kingine, kwa hiyo usikariri namba moja ukaibeba kila mahali.

Hatua ya 2: Majedwali ya viumbe yawe na bei yake

Hapa ndipo waandishi wengi hupoteza hela bila kujua. Jedwali moja lina maneno 150 hivi. Kwa senti 5 ni dola 7.50, na limekula saa moja na nusu: dola 5 kwa saa. Tena hiyo ni kama mhariri hakuligusa.

Tuchukue kiumbe wa toleo la tano la Dungeons & Dragons. Mhariri anaandika pembeni: “Nguvu zake zipande kutoka 16 hadi 18.” Ni tarakimu mbili tu. Lakini nyongeza ya Nguvu sasa imetoka +3 hadi +4, kwa hiyo kila pigo linalotegemea Nguvu libadilishwe shabaha yake na madhara yake, kisha wastani wa madhara ukokotolewe upya, kisha uangalie kama ukali wa kiumbe bado unalingana na kiwango cha wachezaji waliokusudiwa. Idadi ya maneno haijaongezeka hata moja. Kwa malipo ya neno, kazi hiyo umeifanya bure.

Dai bei ya jumla kwa kila jedwali, tuseme dola 30, ikiwa na duru moja ya marekebisho. Majedwali ya bahati nasibu, yale ya kurusha dadu, nayo yaangalie hivyohivyo: mistari 20 mifupi inahitaji mawazo 20, hata kama maneno ni 200 tu.

Hatua ya 3: Mkataba kwanza, rasimu baadaye

Usianze kuandika kwa ahadi ya barua pepe. Soma vipengele hivi kwa jicho kali.

Siku ya malipo. “Siku 30 baada ya kuchapishwa” ni mtego, kwa sababu kitabu kinaweza kukwama kwa mchoraji au kiwandani mwaka mzima na wewe hukuchelewesha chochote. Omba nusu ukikabidhi rasimu ya kwanza na nusu ndani ya siku 30 baada ya kukabidhi ya mwisho. Ongeza sentensi hii: mhariri asipojibu ndani ya siku 21, kazi ihesabiwe imekubaliwa. Bila hiyo, “baada ya kukubaliwa” haina mwisho.

Sheria ya New York inatoa kipimo kizuri. Katika jiji tangu 2017, na katika jimbo zima tangu 2024, kazi ya mtu wa kujitegemea ya kuanzia dola 800 lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama tarehe ya malipo haikutajwa, ni siku 30 baada ya kazi kukamilika. Mchapishaji wako akiwa kwingine, bado unaweza kumwomba aandike masharti hayohayo.

Hakimiliki. Mikataba mingi husema kazi ni ya mchapishaji tangu mwanzo, kana kwamba wewe ni mwajiriwa wake. Kwa sheria ya Marekani ya 1976, kazi ya kuagizwa huwa hivyo kwa aina chache tu zilizotajwa, na pande zote mbili ziwe zimetia saini. Ndiyo maana huongezwa kipengele cha pili cha kukufanya uhamishe haki zako. Omba maneno haya: haki zitahamia kwa mchapishaji *malipo yakishakamilika*. Asipolipa, kazi inabaki yako. Hakuna kipengele kifupi chenye nguvu kuliko hiki.

Kusitishwa. Mradi ukifutwa kabla ya rasimu, dai robo ya malipo. Baada ya rasimu, nusu au zaidi.

Jina lako kwenye ukurasa wa waliotengeneza kitabu na nakala ya PDF ni haki ya kawaida. Visihesabiwe kuwa malipo.

Hatua ya 4: Taja bei kwa mchanganuo

Usiseme “nataka senti 10.” Sema: maelezo ya maneno 4,550 kwa senti 9 ni dola 409.50, majedwali 3 kwa dola 30 ni dola 90, jumla dola 499.50, na marekebisho ya duru moja yamo. Akisema bajeti yake ni dola 350, usipunguze bei, punguza kazi: kiumbe mmoja badala ya watatu, jaribio la mezani afanye yeye, maneno yawe 3,500. Mchapishaji mwenye nia njema huelewa haraka, maana na yeye anapanga bajeti kwa vipande.

Hatua ya 5: Kabidhi maneno yaliyoagizwa

Ukiagizwa 5,000 ukapeleka 6,200, utalipwa 5,000 na mhariri atachukia kukata. Ankara itoke siku ileile ya kukabidhi, ikiwa na namba, jina la kazi na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Maswali ya waandishi

*Mkuu, mimi sijawahi kuchapishwa. Nitadaije senti 9?*

Chama cha Marekani cha waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi na za kifantasia, SFWA, tangu 2019 kinatumia senti 8 kuwa kipimo cha malipo ya kitaalamu kwa hadithi fupi. Taja hicho, kina uzito. Kama huna kazi ya kuonyesha, andika kisa chako cha kurasa mbili na ukiweke wazi. Kipande cha majaribio cha bure kisizidi maneno 300. Wakitaka 1,000, hiyo ni kazi, walipe.

*Nimepewa chaguo la mgawo wa mauzo badala ya malipo ya neno. Nichukue?*

Piga hesabu. Kwenye DMs Guild, soko la mtandaoni la kazi za Dungeons & Dragons, mtunzi hupata asilimia 50. PDF ya dola 5 inabakiza dola 2.50, mkiwa wawili, kila mmoja dola 1.25. Kufikia dola 250 zinahitajika nakala 200. Mwulize aliyekupa ofa kazi zake zilizopita ziliuza nakala ngapi. Akikwepa swali, chukua malipo ya neno.

*Na kodi ya Marekani, ndugu? Niko Morogoro, nimeletewa fomu W-8BEN.*

Jaza, inaonyesha kwamba wewe si mtu wa Marekani. Malipo ya huduma uliyoifanyia Morogoro, kwa sheria yao, si mapato ya Marekani. Mrabaha wa mauzo ya kule ni jambo jingine: unaweza kukatwa asilimia 30, na Tanzania wala Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kuipunguza. Liweke hilo kwenye hesabu ya swali lililotangulia. Kodi ya nyumbani inabaki palepale.

*Wameniomba “nipitie tu” maneno 10,000 kuhusu mji wa pwani yetu, wenye mitepe (majahazi ya kale) na misikiti ya matumbawe. Wanasema ni dakika chache.*

Huo ni ushauri wa utamaduni, na una bei yake. Kusoma kwa makini maneno 1,500 kwa saa ni karibu saa 7, na kuandika ripoti saa 3. Kwa dola 25 kwa saa ni dola 250. Ripoti iseme kosa, sababu, na mbadala: mtepe ulishonwa kwa kamba, kwa hiyo misumari kwenye ubao wake iondoke.

*Zimepita siku 45, sijalipwa.*

Andika leo, kwa adabu, mistari mitatu: namba ya ankara, kipengele cha mkataba, tarehe mpya ya siku 7. Nakili kwa anayeshughulikia fedha, maana mara nyingi mhariri hajaipeleka. Ikipita, mjulishe kwamba haki hazijahamia, na usipokee kazi nyingine yake hadi hela iingie.