Kutumia riwaya ya watoto kujiandaa na mtihani wa ufahamu

Chagua riwaya ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaisoma bila kukwama kwenye zaidi ya maneno matano kwa ukurasa. Ikizidi hapo, atahangaika na msamiati na kisa kimpotee. Nakala moja kwa wanafunzi watatu inatosha: mmoja asome kwa sauti, wawili wafuatilie.

Usitunge maswali ya sura nzima. Kata aya tatu au nne, kisha utunge maswali sita: mawili ambayo majibu yake yameandikwa waziwazi, mawili ya kung'amua jambo lisilotajwa, moja la maana ya neno na moja la kichwa cha habari kinachofaa.

Alama nyingi hupotea kwenye kung'amua. Ukiuliza "Kwa nini Asha hakumjibu mama yake?", mmoja atajibu kwa mawazo yake, mwingine atanakili sentensi yoyote yenye neno "mama". Dawa ni penseli: kila jibu liwe na sentensi iliyopigiwa mstari kwenye kifungu. Asiye na mstari hana alama, hata kama amepatia. Watanuna mwanzoni, waache wanune.

Kwenye msamiati, mwanafunzi abadilishe neno kwa lingine kisha asome sentensi upya, kabla ya kugusa kamusi. "Alikaza mwendo" si kukaza kamba, na maswali ya kuchagua hutega hapo hapo.

Wakati wa kusahihisha, mwanafunzi aeleze pia kwa nini majibu mengine si sahihi.